Sanduku Safi Kupita Kiasi

"Choo cha nani, afande?"

"Cha paka," alijibu Mkuu wa kituo bila kuinua macho. "Umesikia vizuri."

Inspekta alikuwa amesimama mbele ya meza yake na jalada la wizi wa jenereta mkononi. Kesi ilikuwa imeiva. Mwizi alijulikana, jenereta ilijulikana ilipofichwa, na kilichobaki ni kwenda kugonga mlango. Sasa alitakiwa kuliweka jalada hilo kando kwa ajili ya paka.

"Baba mkwe wangu amekuja tena asubuhi hii," Mkuu aliendelea. "Yule Mzee Mpima. Anasema kuna mtu anataka kumuua. Kila akisafisha sanduku la mchanga la paka wake, kifua kinambana na macho yanamwasha. Anasema limetiwa sumu."

"Labda ni harufu ya choo chenyewe, afande."

"Nilimwambia hivyo. Akalia." Mkuu aliinua macho sasa. "Wewe umewahi kumwona baba mkwe wako akilia mbele ya koplo wa zamu? Mimi nimemwona leo, na sitaki kumwona tena. Halafu jioni hii mwenye nyumba anamwondoa huyo paka. Jengo zima limejaa nzi na mende, na wote wanasema wadudu wanatoka kwenye hilo sanduku. Nikirudi nyumbani bila jibu, mke wangu hatanipa nafasi ya kuvua viatu."

"Kwa hiyo kesi ni mbili. Sumu na wadudu."

"Sanduku ni moja. Nenda kaliangalie."

"Na jenereta?"

"Nimempa Sajini."

Inspekta alitoka akiwa amefura. Alikuwa na miaka mingi kazini, amekabidhiwa maiti, bunduki na mabunda ya noti bandia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowahi kumfanya ajione mjinga. Kibaya zaidi, yeye na paka hawakupatana. Tangu utotoni, manyoya ya paka yakimkaribia pua tu, alipiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Mkuu alilijua hilo. Kituo kizima kililijua, na koplo wa zamu alikuwa anacheka chini chini Inspekta alipopita kwenye kaunta.

Jengo lilikuwa na ghorofa moja juu ya duka la kinyozi na nyumba ya mwenye jengo. Ngazi za saruji zilianzia kwenye ukumbi mwembamba usio na taa, na uvungu wa ngazi hizo ulikuwa umejaa lundo la mchanga wa ujenzi. Inspekta alikanyaga ukingo wa lundo, mchanga ukamwingia kiatuni, na hapo hapo akaanza kupiga chafya. Alipiga mfululizo, mkono mmoja ukutani na mguu mmoja hewani.

"Afya," sauti ya mwanamke ilisema.

Mama Mwenye Nyumba alikuwa amesimama kwenye mlango wake, kizimba cha waya kikiwa miguuni pake, akipunga gazeti lililokunjwa kufukuza nzi.

"Ni nywele za huyo kinyozi wako," Inspekta alisema akijifuta pua. "Zimejaa hewani."

"Nywele nazivumilia. Nzi ndio wamenishinda. Wewe ndiye umetumwa? Basi kamwambie aliyekutuma kwamba uamuzi umeshapita. Jioni hii huyo paka anaingia humu," aligusa kizimba kwa ncha ya kiatu, "na anakwenda kuishi mbali. Juzi mgeni wangu alitoa mende kwenye kikombe cha chai. Akanitazama, akakiweka kikombe chini, akaaga."

"Una uhakika wanatoka juu?"

"Watoke wapi kwingine? Nani mwingine humu ndani anafuga choo chumbani?"

Nzi alitua kwenye kola ya Inspekta. Alimfukuza, akarudi. "Na mchanga huu je?"

"Wa ukuta wa nyuma. Mafundi waliubakisha. Mchanga mzuri huo, nimeununua kwa fedha yangu, hautupwi."

Inspekta alivua kiatu, akakikung'uta, akakivaa tena. "Nipe mpaka jioni."

"Mpaka jioni unao," alisema yule mama. "Baada ya hapo huna."

Mzee Mpima alifungua mlango kabla mgeni hajabisha. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu na mkavu, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Nyuma yake, kwenye pembe ya ukuta iliyo mbali kabisa na dirisha, dada yake mkubwa alikuwa ameinamia cherehani. Huyo mtaa mzima ulimwita Bibi Mshonaji. Kaka alikuwa amefiwa na mke, dada hakuwahi kuolewa, na waliishi pamoja katika nyumba hiyo ya vyumba vitatu.

"Karibu, mwanangu," Mpima alisema. Kisha akaugeukia mto mwekundu uliokuwa juu ya kiti katikati ya sebule. "Tarishi, mwambie bibi huyo mgeni amekuja. Asimamishe cherehani."

Mto haukujibu. Hapakuwa na kitu juu yake.

"Tarishi," Bibi Mshonaji naye aliuambia mto, "mwambie bwana huyo nina macho, mgeni nimemwona. Na mwambie chai iko kwenye chupa, kama bado anakumbuka kumkaribisha mtu."

Inspekta alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akautazama na mto. "Tarishi ndiye nani?"

"Paka," walijibu wote wawili kwa pamoja, kisha wakakunja nyuso kwa hasira ya kujibu pamoja.

"Na yuko wapi?"

"Anatembea," Mpima alisema. "Siku hizi anatembea sana."

"Mnazungumza naye hata akiwa hayupo?"

Bibi Mshonaji ndiye aliyejibu, akimtazama Inspekta. "Bwana huyo alihamisha cherehani yangu kutoka dirishani. Meza yake ya ramani ilitaka mwanga, basi mimi nikasogezwa kwenye kiza, bila hata kuulizwa. Tangu siku hiyo sina neno na yeye. Nikiwa na la kumwambia, namwambia paka. Paka alikuwa mdogo wakati huo. Jina lenyewe alilipata kwa kazi hiyo."

"Mwambie Inspekta," Mpima aliuambia mto, "kwamba nilitaka kuuliza, lakini hakuwepo."

"Mimi ni Inspekta," alisema Inspekta. "Niambie mwenyewe."

Kichwa kilianza kumuuma, na alikuwa bado hajaliona hilo sanduku. Aliomba aonyeshwe. Sanduku lilikuwa bafuni, chini ya kidirisha kilichopigiliwa misumari.

"Nani alipigilia?"

"Mimi," Mpima alisema. "Asije akaruka akaanguka."

Inspekta alivaa glavu. Alichuchumaa, magoti yakalia, akaanza kazi jinsi alivyofundishwa kuanza kazi yoyote, yaani kuangalia kwanza na kugusa baadaye. Lilikuwa sanduku la kawaida la plastiki, refu kama sinia kubwa, lenye kuta za kufika kwenye kifundo cha mkono. Alitarajia uchafu. Alikuwa amejiandaa kwa uchafu tangu kituoni, hata chakula cha mchana alikuwa amekiahirisha. Badala yake aliona plastiki inayong'aa na mchanga mweupe uliosawazishwa vizuri, hauna kipande, hauna donge, hauna hata mstari wa kucha. Hapakuwa na funza wala sisimizi.

Aliinamisha uso karibu zaidi ili anuse. Koo lilimbana ghafla. Macho yaliwaka moto, akakohoa, akakohoa tena, akatoka bafuni kinyumenyume na kugonga kisogo kwenye fremu ya mlango.

"Umeona?" Mpima alisema, na ilikuwa dhahiri kwamba amefurahi. "Sikuwa natia chumvi. Umeona sasa?"

Inspekta alisimama sebuleni akijifuta machozi na kulaani. Alikuwa amekasirika, lakini sasa hasira ilikuwa na mahali pa kwenda. Alikohoa. Kwa nini alikohoa? Paka humfanya apige chafya, na ndani ya nyumba hii ya paka hakuwa amepiga chafya hata moja. Hilo aliliweka akilini.

Alirudi bafuni na kitambaa puani, akapekua. Chini ya sinki alikuta mwiko wa plastiki wenye matundu, ule wa kuchotea madonge, na chupa kubwa ya klorini, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nyuma ya mlango palikuwa na bakuli la chakula cha paka. Chakula kilikuwa kimeliwa nusu, na nusu kimekauka. Alipoliinua, mende wawili walikimbilia kwenye ufa wa ukuta.

Aliwahoji mbali mbali, kama utaratibu unavyotaka. Mpima alihojiwa kwanza, mlango wa chumba chake ukiwa umefungwa.

"Nani anasafisha sanduku?"

"Mimi. Peke yangu."

"Dada yako?"

"Hajawahi kuligusa. Yeye anampenda paka akiwa amelala. Akishaamka ni wangu."

"Unasafishaje?"

"Asubuhi. Nalimwaga lote, naliosha kwa klorini, naliacha na klorini yake hivyo hivyo liue vijidudu, natia mchanga mpya. Mama Mwenye Nyumba alipoanza kulalamika nikaongeza dawa. Alipolalamika zaidi, nikaongeza tena."

"Unakuta nini ndani yake?"

Mzee alisita. "Siku hizi sikuti kitu. Nadhani amepunguza kula. Pengine anaumwa, na mimi sitaki hata kulifikiria hilo, mwanangu. Ndiyo maana nasema ni sumu. Mtu anatia kitu mle. Mimi kinanibana kifua, yeye kinamla tumbo."

"Mtu gani?"

Mpima alitazama mlango uliofungwa. Upande wa pili cherehani ilikuwa inakwenda. Hakusema jina, lakini Inspekta aliona kwamba mzee huyu alikuwa anaogopa kwa dhati, na kwamba kilichomuumiza zaidi kuliko kifua ni mtu anayemshuku.

Bibi Mshonaji alihojiwa jikoni.

"Sanduku?" alisema. "Nasafisha mimi. Yeye anajitia kuingia bafuni asubuhi na kutoka na mikono yenye maji. Kazi ya kweli naifanya mimi alasiri, akiwa amelala."

"Unatumia nini?"

"Siki. Sisimizi hawaipendi siki, na mende pia nasikia hawaipendi. Namimina, nasugua, naacha inywe kwenye plastiki. Nafuta juu juu, narudisha mchanga." Alishusha sauti. "Lakini siku hizi nikisugua, nakohoa mpaka naketi chini. Yule bwana anamtilia paka wangu kitu mle. Ameshindwa kuniondoa mimi dirishani, sasa anamwondoa paka. Paka akishatoka, nani atamwambia chai imepoa? Nani atamwambia avae sweta? Hatujui kukaa humu bila huyo mnyama, Inspekta. Tutakuwa watu wawili wanaopishana kwenye korido mpaka mmoja wao afe."

Alisema hivyo kwa sauti kavu, kisha akageuka kuosha kikombe kilichokuwa safi.

"Naomba kuona unapoweka vifaa vyako."

Vilikuwa ndani ya kapu la ushonaji, chini ya vitambaa, ambapo mwanamume asingetia mkono. Mwiko wa pili wenye matundu. Chupa ya siki. Chini ya cherehani yenyewe Inspekta alikuta bakuli la pili la chakula, nalo nusu limeliwa, na mstari wa sisimizi ukiikata sebule kwenda kulifikia.

"Unamlisha wewe?"

"Nani mwingine? Yule bwana angemwacha afe njaa."

Inspekta aliandika moyoni. Miiko miwili, mabakuli mawili, na kila mmoja anaapa kwamba yuko peke yake. Paka huyo hakuwa amepunguza kula. Alikuwa analishwa mara mbili na kusaza mara mbili, na mende walikuwa wanamalizia.

Lakini chakula kinachoingia ndani ya paka lazima kitoke, na ndani ya sanduku hapakuwa na kitu. Alitaka kumwona huyo mnyama mwenyewe, akashuka chini kumuuliza kinyozi.

Kinyozi alikuwa hana mteja. Juu ya rafu yake, kati ya mafuta ya nywele na spiriti, palikuwa na pakiti ya sumu ya panya, na Inspekta aliiona kabla hajaketi.

"Hii ya nani?"

"Yangu," alisema kinyozi, akasogea nyuma. "Ya panya."

"Una panya?"

"Sina."

"Kwa hiyo ni ya nani?"

"Afande, usinitazame hivyo. Niliinunua kwa hasira. Huyo paka wa juu anashuka kila siku, analala kwenye taulo zangu safi. Wateja wanaondoka na manyoya shingoni. Nikasema leo nammaliza. Nikafika nayo hapa, nikamtazama amelala, nikashindwa." Aliichukua pakiti na kumwonyesha gundi ya mfuniko. Haikuwa imefunguliwa. "Sasa nimemzoea. Yuko pale."

Nyuma ya kiti cha wateja, juu ya rundo la taulo, paka mnene wa kijivu alikuwa amelala chali. Inspekta alipiga chafya ya kutikisa kioo.

"Afya," kinyozi alisema.

"Anashuka saa ngapi?"

"Asubuhi asubuhi, mara tu mlango wa juu ukifunguliwa. Na haji kwangu moja kwa moja. Kwanza nasikia anakwaruza kwaruza hapo chini ya ngazi. Akimaliza ndiyo anakuja kulala."

Inspekta alijipiga kipaji cha uso kwa kiganja, kwa nguvu, maana alikuwa amesimama katikati ya jibu tangu alipoingia na akalikung'uta kutoka kwenye kiatu chake mwenyewe. Chafya zake zilikuwa zimemwambia. Juu, nyumbani kwa paka, hakupiga hata moja. Hapa chini, kwenye lundo, nusura zimuangushe, naye akawasingizia wateja wa kinyozi.

Alitoka nje barabarani, akampigia simu Daktari wa Mifugo ambaye aliwahi kumsaidia katika kesi ya ng'ombe wa wizi.

"Ukichanganya klorini na siki inakuwaje?"

"Unapata gesi ya sumu," Daktari alisema. "Kwa nini? Nani amefanya hivyo?"

"Wazee wawili, bafuni, dirisha limepigiliwa misumari."

"Watoe humo. Wote. Halafu fungua hilo dirisha. Wanasafisha nini?"

"Choo cha paka."

Daktari alipumua kwa nguvu kwenye simu, pumzi ya mtu aliyelieleza jambo hilo hilo kwa watu wengi. "Na paka amekihama, si ndiyo? Angekaaje? Pua yake inanusa kuliko yangu na yako tukiziunganisha. Watu wanadhani akiona dawa atasema hapa ni safi. Yeye anasema hapa pananuka, anakwenda kwingine. Maji ya moto na sabuni ya kawaida isiyo na manukato, basi. Suuza, kausha juani, mchanga usio na marashi. Madonge yachotwe kila siku, yafungwe kwenye mfuko, yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko. Chakula kikae mbali na choo, na kisilale nje."

"Asante, Daktari."

"Ni kesi ya mauaji hii?"

"Ilikaribia," alisema Inspekta.

Alirudi ukumbini, akagonga mlango wa Mama Mwenye Nyumba, kisha akapanda kuwaita wazee. Waliposhuka wote, Mpima kwenye ngazi ya juu na dada yake kwenye ngazi ya chini kabisa ili wasisimame pamoja, Inspekta aliwasha tochi ya simu, akauchukua mwiko wa Bibi Mshonaji na kuuingiza ndani ya lundo la mchanga.

Hakuhitaji kuchimba. Chote kilichokosekana juu kilikuwa pale, kimefukiwa vizuri kwa adabu zote za paka, safu juu ya safu. Wingu la nzi liliinuka. Kwenye unyevunyevu wa chini, funza walijinyonganyonga kwenye mwanga, na mende walitawanyika kuelekea kwenye nafasi iliyo chini ya mlango wa Mama Mwenye Nyumba.

Mama huyo aliwatazama wakiingia kwake.

"Mchanga mzuri," Inspekta alisema. "Hautupwi."

"Lakini sanduku..."

"Sanduku ndilo kitu safi kuliko vyote katika jengo hili, na hilo ndilo kosa lake. Paka hajalitumia siku nyingi. Anatumia la kwako." Alizima tochi. Hasira yake yote ya asubuhi, ya jenereta na ya koplo anayecheka, ilikuwa imepata njia, naye akawageukia wazee. "Na nyinyi. Mzee wangu, umeliosha asubuhi kwa klorini, ukaiacha. Bibi yangu, umekuja alasiri juu ya klorini ile ile ukamimina siki, ukaiacha. Kesho yake yeye anarudi juu ya siki yako na klorini mpya. Mmetengeneza gesi ya sumu bafuni kwenu, kila siku, kwa mikono yenu, kwa bidii. Hakuna aliyetaka kumuua mwenzake. Mlichohitaji ni mtu mmoja kusema nimeshaosha. Neno moja tu. Mngeweza hata kumwambia paka, lakini paka hakai tena kwenye nyumba yenu, anawakimbia."

Mpima aliketi kwenye ngazi. Alimtazama dada yake, kwa mara ya kwanza bila kupitia mto, kisha akainama akatazama viatu vyake.

"Mwambieni..." alianza, akatafuta pa kuelekeza maneno, akakosa.

"Jioni bado ni jioni," Mama Mwenye Nyumba alisema, ingawa sauti yake ilikuwa imepungua makali. "Mchanga nitautoa, hilo kosa langu. Lakini ukishatoka, atakwenda wapi? Kwenye vyungu vyangu? Kwenye taulo za kinyozi? Kama halitumii sanduku lake, anaingia kizimbani. Sirudi nyuma kwa hilo."

Ilikuwa haki yake kusema hivyo, na jambo hilo lilimuudhi Inspekta kuliko yote.

Kwa hiyo afisa wa upelelezi alikunja mikono ya shati. Aling'oa misumari ya kidirisha kwa kisu cha jikoni. Klorini na siki alizifungia kwenye kabati mbali mbali. Alisimamia sanduku likioshwa kwa sabuni ya kipande na maji ya moto, likasuuzwa mpaka Bibi Mshonaji akasema plastiki itatoboka, likabebwa hadi paani kukauka juani. Mabakuli mawili yakawa moja, likahamia jikoni. Wakati huo kinyozi na Mama Mwenye Nyumba walikuwa wanasomba mchanga kwa ndoo wakilaumiana. Mkuu alipiga simu kusema Sajini amemkamata mwizi wa jenereta na kwamba waandishi wa habari wapo kituoni. Inspekta alimpongeza Sajini huku akiwa ameshika sanduku la paka kwapani.

Jua lilipoanza kuteremka, sanduku lilirudishwa bafuni, mchanga mpya usionukia kitu ukatiwa, na kinyozi akapanda na paka aliyefungwa kwenye taulo. Mama Mwenye Nyumba alimfuata na kizimba.

Tarishi aliwekwa sakafuni. Inspekta alipiga chafya. Paka akajinyoosha, akazunguka sebule, akanusa mto wake, akanusa mguu wa kizimba, akaketi mlangoni akitazama ngazi.

"Mwacheni," Bibi Mshonaji alinong'ona. "Msimtazame."

Wote wakajitia kutazama kwingine. Mpima alitazama dari, midomo ikitikisika. Mama Mwenye Nyumba alitazama saa, akashika mpini wa kizimba, akauachia. Walipogeuka, paka hakuwepo mlangoni.

Kisha ikasikika bafuni. Kwanza hatua laini kwenye plastiki. Halafu kimya kirefu kilichomfanya Bibi Mshonaji ashike mkono wa kiti. Halafu kucha kwenye mchanga, kwaru, kwaru, kwa utulivu wa mnyama anayejua anachofanya. Watu wazima watano walisimama kwenye sebule ile wakisikiliza paka akienda haja, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Inspekta aliziba pua kwa vidole viwili na kuimeza chafya mpaka masikio yakamuuma.

Paka alitoka, akaruka juu ya mto wake mwekundu, akaanza kujilamba.

Mama Mwenye Nyumba aliokota kizimba chake. "Basi," alisema, akashuka, na kinyozi akamfuata.

Inspekta naye alichukua koti. Alikuwa amechoka, ana njaa, na shati lilimnuka sabuni. "Kitu kimoja," alisema. "Mchotaji awe mmoja, au mgawane zamu. Sitaki kurudi hapa. Nani anachota?"

Mpima aligeukia mto kwa mazoea. Paka alikuwepo safari hii, macho wazi, tayari kwa kazi. Mzee alifungua mdomo.

"Usimsumbue," Bibi Mshonaji alisema. "Amechoka." Alikuwa anamtazama kaka yake. "Wewe chota asubuhi. Mimi nitachota jioni. Na ukimaliza, niambie."

Mpima akaenda kwenye meza yake ya ramani, akaikunja ramani iliyokuwa juu yake, akaishika meza kwa pembe mbili.

"Nishikie upande ule, dada," alisema. "Cherehani irudi dirishani."

Inspekta alipiga chafya, akafungua mlango mwenyewe, akashuka.